MREJESHO: bakshishi ya mhudumu wa chumba melini

Wakuu nimerudi salama. Mnakumbuka niliuliza yule jamaa wa usafi wa chumba kwenye meli ya kitalii anapewa hela lini na kiasi gani, mimi na wife tulikuwa tunatoka Miami kwenda Cozumel kule Mexico siku 7. Asanteni sana wote mlionijibu.

Aliyesema niangalie bili kwanza, Mungu akubariki, maana kweli bakshishi wanakata wenyewe, dola 16 kwa kichwa kwa siku, kichwa sio chumba, so sisi wawili ilitoka 224 na nisingeangalia ningedhani nimeibiwa. Sikuifuta, hiyo hela wanagawana wahudumu hadi wale usiowaona.

Nikafuata pia ushauri wa kumpa kidogo mapema, siku ya kwanza tu nikamshika mkono na dola 20 cash. Jamaa wa Indonesia, mcheshi balaa, barafu ilikuwa haikauki na taulo anazikunja tembo mara nyani.

Sasa nilipoharibu ni mwisho. Dola 30 zilizobaki niliziweka kwenye bahasha na kadi ya shukrani, wife akaipaki kwenye begi, na usiku wa mwisho mabegi mnayaweka nje ya mlango yanabebwa, mnakuja kuyakuta bandarini 🤦🏾 Asubuhi nikajipapasa nikapata dola 10 tu, nikamkimbilia koridoni nikampa na maneno mengi. Kwa hiyo bahasha mpeni mkononi jioni, kabla begi halijatoka.