Tupeane uzoefu: mlioacha dawa za mapigo ya moyo, mwili ulipokeaje?

Habari zenu wapendwa, shikamooni wakubwa. Naomba tuliopitia hili tuongee maana kliniki unapewa dakika tano tu na foleni iko nyuma yako.

Mimi nimetumia atenololi ya miligramu 50 miaka minne, moyo ulikuwa unaenda mbio hovyo. Mwezi wa 6 tukapata msiba Songea, nikapanda basi na dawa nikaziacha juu ya friji, nikajisemea siku chache si kitu mbona mzima. Siku ya tatu nimekaa mkekani na wenzangu, nikaangalia kanga niliyojitanda nikaiona inaruka kifuani, yaani inaruka kabisa, viganja vimelowa jasho na Songea mwezi wa 6 baridi mnaijua. Akina mama wakasema ni uchungu wa msiba, wakanipa maji ya sukari, na mimi nikaamini. Kufika kituo cha afya mapigo 138 kwa dakika na presha imepanda kuliko hata kabla sijaanza dawa.

Tabibu wa pale ndo akanieleza kitu sikuwahi kuambiwa, kwamba dawa hii inaziba milango ambayo adrenalini inapita kuusukuma moyo, mwili nao ukiona imezibwa unaongeza mingine, sasa ukiacha ghafla adrenalini inakuta yote iko wazi na imezidi. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio kabisa. Inatakiwa ishushwe kidogo kidogo na daktari akijua. Inaniuma kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

*Mwana wa Likoni:*
Pole sana dadangu. Mzee wetu alikuwa akitumia amiodaroni, nayo ni ya mapigo, daktari mwenyewe ndiye aliyeikomesha kwani ina aidini nyingi na ilimvuruga tezi ya shingo. Tukadhani imeisha siku ileile, kumbe hujificha kwenye mafuta ya mwili na yaweza kukaa miezi. Tena alikuwa akitumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na amiodaroni huipa wafarini nguvu, basi kadiri ilivyokuwa ikimtoka ndivyo wafarini ilivyokuwa haitoshi, kila wiki mbili twampeleka kupimwa damu na dozi yapandishwa. Mapigo yenyewe hayakutusumbua, kilichotuchosha ni safari hizo.

*Mama Junior:*
Mimi propranololi, nilipewa wakati natibiwa goita. Nilishushwa wiki tatu, mwili ukapokea vizuri ila hofu jamani, usiku kucha kidole kiko shingoni nahesabu, na ukihesabu kwa woga yanapanda kweli. Daktari akanikataza kupima zaidi ya mara mbili kwa siku, hapo ndo nikaanza kulala.

*Kaka wa Moro:*
Dada mwenye mada, we umefikia wapi kwenye kuishusha? Kuna siku ulirudi nyuma?

*Mwenye mada:*
Nilirudi kaka. Kutoka 50 kwenda 25 nilipita salama, kuja robo kidonge, naikata kwa wembe juu ya sahani, siku ya nne jioni moyo ukaanza kurukaruka, nikampigia daktari akanirudisha 25 wiki mbili zaidi. Sasa niko tena kwenye robo, siku ya 9. Leo asubuhi kabla ya chai mapigo 76. Vidonge viko kwenye mkoba, hata nikienda Kariakoo naenda navyo.