Mnatufundisha kuokoa watu au mnatuuzia vyeti vya huduma ya kwanza?

Wakuu, leo nina hasira, naomba mnisikilize.

Nasimamia karakana ya kuchomelea hapa Dar. Vijana wangu wanashinda na grenda, mitungi ya gesi na nyaya za umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa huduma ya kwanza kazini, kwa hiyo ofisi ikatulipia kozi ya siku moja. Waliotufundisha siwataji, wenyewe wanajijua.

Ukumbi umejaa, sanamu la mazoezi ya kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, moja. Moja! Tena springi ya kifua imekufa, ukilibonyeza halirudi. Sasa mtu atajifunzaje kukiachia kifua kirudi juu chote ili moyo ujae damu kabla hajabonyeza tena? Zamu yako ikifika unabonyeza mara chache, unapigwa picha, haya inuka, mwingine. Kijana mmoja alikuwa amekunja viwiko, anahangaika kwa nguvu za mikono tu. Hakuna aliyemwambia nyoosha mikono, leta mabega juu ya kifua, tumia uzito wa mwili.

Halafu mkufunzi anasema tubonyeze taratibu tusije tukavunja mbavu. Jamani! Mtu mzima anabonyezwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukifika mara 30 unampulizia pumzi 2. Ubavu unatibika. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, na foleni ya Barabara ya Mandela mnaijua.

Kijana wangu akauliza: mwenzangu akinaswa na umeme naanzia wapi? Akajibiwa asome kitini. Nimekipekua chote, hakuna hata mstari unaosema zima swichi kuu kwanza kabla ya kumgusa. Hilo ndilo linaloniumiza hasa. Fundi akimrukia mwenzake aliyenaswa, tunabeba maiti mbili, na mmoja wao ana cheti chenu mfukoni.

Vyeti vyenyewe vilikuwa mezani tangu chai ya saa nne, vimeshachapwa, vimeandikwa "amefaulu". Amefaulu nini wakati mtihani hatukufanya? Hata yule kijana wetu aliyekuwa nyumbani anaumwa malaria, cha kwake kilikuwepo!

Nimevifungia kabatini, sivibandiki ukutani. Watu wakiona karatasi wataamini fulani anajua, siku ya siku wote watamtazama yeye.

Nimewaandikia warudie kozi kwa vitendo au warudishe hela. Kimya mpaka sasa.

Mwenye kumjua mkufunzi anayepiga magoti pamoja na wanafunzi wake, kila mmoja akabonyeza dakika 2 kamili mpaka jasho limtoke, anitumie ujumbe. Hata nikilipa mara mbili, sawa.