Cameroon 90, Senegal 2002, Ghana 2010 au hawa Morocco: ipi timu bora ya Afrika?

Mkunazini_10 (Jumapili, 11 Desemba 2022)

Assalaam alaykum wanamichezo. Jana baada ya Morocco kumtoa Ureno mtaani kwetu honi za vespa hazikunyamaza, na barzani ubishi umekwenda mpaka usiku mkubwa. Haukwisha, basi naumwaga hapa.

Suala lenyewe: timu za Afrika zilizofika robo fainali ya Kombe la Dunia ni nne tu. Cameroon 1990, Senegal 2002, Ghana 2010, na huyu Morocco ambaye keshaivuka na Jumatano anakutana na Ufaransa nusu fainali. Ukiziweka zote nne pamoja, ipi bora? Nasema bora, sisemi iliyofika mbali. Kama ni kufika mbali, mjadala umekwisha, twendeni tukanywe kahawa.

Mie nawaweka Morocco juu. Mechi tano, goli moja tu limeingia, na hilo wamejifunga wenyewe, Aguerd siku ya Canada. Croatia hakupata kitu. Ubelgiji kala mbili. Uhispania kapiga pasi zaidi ya elfu, halafu kwenye matuta, zile penalti za kuamua mshindi, hakutia hata moja. Ureno kala kichwa cha En-Nesyri. Nipingeni.

Kwahani_Boy

Kichwa hicho wengine hatujakiona mubashara. Mpira umeanza saa 12 jioni, Magharibi ikaadhiniwa, goli likaingia dakika ya 42 ndiyo kwanza tunatafuta viatu mlangoni mwa msikiti. Nimesikia mtaa mzima unapiga kelele, nikajua tu.

Ila katika swali lako nasimama na Ghana. Nitarudi.

Mzee_wa_Barza

Wa alaykum salaam. Mwanangu Mkunazini, hesabu yako nzuri lakini umeianzia katikati. Mpaka 1990 Afrika nzima ilikuwa inapewa nafasi mbili tu kwenye Kombe la Dunia. Mbili! Leo mnazo tano mnaona ni haki yenu ya kuzaliwa. Baada ya Cameroon ndipo tukaongezewa ya tatu, 1994, na 1998 zikafika tano. Waliofungua mlango ni wale.

Na waliufungua kwa nani? Mechi ya ufunguzi, Milan, bingwa mtetezi Argentina na Maradona wake ndani. Omam-Biyik kapanda juu kapiga kichwa, kipa Pumpido mpira ukamponyoka. Moja bila. Na Cameroon walimaliza wakiwa tisa uwanjani, wawili wameshatolewa kwa kadi nyekundu. Nitajieni nyinyi timu nyengine iliyomfunga bingwa wa dunia ikiwa pungufu namna hiyo.

Halafu Milla. Miaka 38, anaingia kutoka benchi, mawili kwa Romania, mawili kwa Colombia. Lile la pili Higuita, kipa wa Colombia, alitaka kumchenga mzee mwenzangu huko mbali na goli lake. Hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

Kwahani_Boy

Shikamoo mzee. Lakini Umoja wa Kisovyeti aliwapiga nne bila, hilo umelirukia.

Mzee_wa_Barza

Marahaba. Sijalirukia. Walikuwa wameshafuzu, na kundi waliongoza wao. Wewe ukishakula ukashiba, sahani ya pili unaigombania?

Ummu_Wete

Wanaume mna tabia ya kubishana kana kwamba Senegal haipo. Hebu nisemeeni kidogo hawa.

31 Mei 2002, Ijumaa. Mechi saa 8 na nusu mchana kwa saa zetu. Sisi Wete wanaume walitoka msikitini hawakwenda hata kula, wali umepoa majumbani. Ufaransa alikuwa bingwa wa dunia na bingwa wa Ulaya kwa pamoja. Ni kweli Zidane alikuwa majeruhi, lakini Henry, Trezeguet, Vieira wote wamo. Senegal ndiyo kwanza wanakanyaga Kombe la Dunia maisha yao yote. Papa Bouba Diop, Allah amrehemu, kafunga akiwa chini, wakaenda kuicheza jezi yake pale kwenye kona. Moja bila, na Ufaransa akarudi kwao bila kufunga goli hata moja kwenye mashindano yale.

Na uzuri wao ni kuwa hawakucheza kwa kujificha. Walishambulia. Diouf alikuwa anawakimbiza mabeki mpaka unawaonea huruma. Morocco nawapenda, wallahi jana nimelia, lakini kuwaangalia dakika tisini ni kazi ya moyo. Unakaa unaomba dua tu mpira utoke kwenye boksi.

Mkunazini_10

Dada Ummu, Senegal hao hao waliongoza tatu bila kwa Uruguay, ikaisha tatu tatu. Kushambulia kuzuri, na kulinda nako ni mpira.

Ummu_Wete

Wakafuzu au hawakufuzu?

Mkunazini_10

Wakafuzu.

Ummu_Wete

Basi.

Muscat_Mndani

Salamu kutoka Muscat. Watu wa Ghana tupo wachache humu kwa sababu kidonda hakijapoa. 2 Julai 2010, Soccer City, robo fainali na Uruguay, dakika ya 120, moja moja. Kichwa cha Adiyiah kinakwenda wavuni, Suárez anaudaka mkononi kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Gyan ambaye zile fainali ameshafunga penalti mbili anaugonga mtambaa panya. Halafu kwenye matuta Gyan huyo huyo anapiga wa kwanza, anafunga. Roho gani hiyo? Abreu akamaliza kwa kuuchota katikati, nne mbili, na mimi sikula siku ile.

Kumbukeni pia Essien hakuwepo, majeruhi. Timu ya vijana, Ayew ndiyo kwanza anachipukia. Na ilikuwa ndani ya Afrika, bara zima nyuma yao. Kwa kipimo cha kuwa karibu, hakuna aliyekuwa karibu zaidi ya wale. Penalti moja.

Kwahani_Boy

Ndicho nilichotaka kukisema. Na wiki iliyopita tumekutana na Uruguay tena, Ayew kakosa penalti, tumelala mbili bila. Raha pekee ni kuwa na wao wametoka, maana Korea Kusini alimfunga Ureno. Suárez kalia kwenye benchi, sisi hapa Kwahani tumeshangilia kutolewa kwetu. Sijui kama kuna watu wengine duniani wamewahi kufanya hivyo.

Kocha_Gombani

Nimesoma yote. Mimi nafundisha vijana Chake, kwa hiyo nitayatazama haya kidogo tofauti, mnisamehe kwa urefu.

Hizi timu tatu za mwanzo tunazihukumu kwa ushindi wao. Zitazameni zilivyotoka. Cameroon na Uingereza, Naples: wako mbele mbili moja, zimebaki kama dakika saba. Wanafanya faulo ndani ya boksi, Lineker anasawazisha. Muda wa nyongeza, faulo nyengine ndani ya boksi, Lineker tena. Tatu mbili. Penalti mbili kwa mchezaji mmoja! Na siku ile wachezaji wanne hawapo kwa sababu ya kadi. Mzee wangu, hao ubora walikuwa nao, nidhamu ikawaangusha.

Senegal na Uturuki: miguu imekwisha. Walitoka kucheza muda wa nyongeza na Sweden, wakashinda kwa goli la dhahabu la Camara, enzi hizo goli la kwanza muda wa nyongeza ndilo linalomaliza mechi. Mechi inayofuata goli la dhahabu likawarudia wao, İlhan Mansız, dakika ya 94. Ghana mmeshasimulia.

Sasa tazameni Morocco na Uhispania. Dakika 120 bila goli, matuta. Hapa ndipo Waafrika huwa tunakwisha. Sarabia kagonga nguzo, Bounou kadaka ya Soler, kadaka ya Busquets. Hakimi, mzaliwa wa Madrid mwenyewe, anakuja kumaliza kwa kuuchota taratibu katikati ya goli. Jana Ureno dakika za mwisho Cheddira katolewa kwa kadi, wamebaki kumi, Saïss ameshabebwa kwa machela kabla ya hapo, na bado hawakutetereka. Tofauti yao na watangulizi wao ni hiyo: wanajua kumaliza mechi. Wengine wote walijua kuanza.

Na huyu kocha wao Regragui kapewa timu mwishoni mwa Agosti. Miezi mitatu kabla ya mashindano. Mimi vijana wangu miezi mitatu hawajajifunza kurusha mpira wa pembeni.

Mzee_wa_Barza

Kocha umesema kwa adabu, nakusikiliza. Lakini hao wa 1986 mbona hamuwataji? Morocco hao hao, Mexico. Suluhu na Poland, suluhu na Uingereza, Ureno wakampiga tatu moja. Waafrika wa mwanzo kuongoza kundi. Ujerumani Magharibi akawatoa dakika ya 88 kwa mpira wa adhabu alioupiga Matthäus. Mkitaka timu iliyojua kulinda, ilikuwepo zamani.

Kocha_Gombani

Kweli mzee, na dakika ya 88 ndiyo hoja yangu yenyewe.

Mzee_wa_Barza

Hapo umenikaba.

Mbappe_wa_Paje

Mimi nina suala la kuwaudhi. Nusu ya timu hiyo mnayoiita ya Afrika imezaliwa Ulaya. Wachezaji 14 kati ya 26 hawakuzaliwa Morocco. Ziyech na Amrabat Uholanzi, Bounou Canada, kocha mwenyewe Ufaransa. Cameroon ya Milla hiyo ndiyo ya Afrika.

Muscat_Mndani

Ndugu yangu, wanangu mimi wamezaliwa Muscat. Waulize kwao wapi, watakwambia Ndagaa, na hata Ndagaa hawajakaa mwezi mzima. Hakimi kama angetaka angechezea Uhispania. Kachagua. Wa 2002 nao, Senegal wachezaji 21 kati ya 23 walikuwa wanacheza Ufaransa, mbona hukuwauliza pasi za kusafiria?

Ummu_Wete

Mbappe_wa_Paje huyu anapima hivyo kwa sababu Jumatano anajua atalia.

Mbappe_wa_Paje

Tutaonana. Aguerd hakucheza jana, Saïss mguu mbovu, Cheddira ana kadi. Mbappé atapita upande wa Hakimi, wanajuana vizuri, wako klabu moja. Mbili bila.

Kwahani_Boy

Nyinyi mnabishana nani ni Mwafrika, sisi Zanzibar hata kuingia kwenye droo hatuwezi. 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wametupa uanachama Machi, Julai wametunyang'anya. Mwaka huo huo Heroes, timu yetu ya Zanzibar, wakamtoa Uganda nusu fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, wakaenda fainali na Kenya, mbili mbili, wakafa kwa matuta. Kocha, hiyo nayo iingize kwenye nadharia yako ya kumaliza mechi.

Kocha_Gombani

Hiyo usiniguse, bado inauma.

Mkunazini_10

Haya, naona hakuna atakayehama kambi. Mzee na Cameroon yake, dada Ummu na Senegal, Ghana wawili wana kidonda, Kocha na mimi Morocco. Tuzungumze la maana: Jumatano saa 4 usiku, Isha imeshasaliwa, hakuna kisingizio. Nani anaangalia wapi? Nyumbani kwangu picha nzuri lakini mama mkwe anataka tamthilia mpaka saa 4 na nusu. Forodhani upepo mzuri ila ukiwa nyuma huoni kitu. Nafikiria Jaws Corner.

Mzee_wa_Barza

Jaws Corner. Kahawa ipo, na watu wanaojua mpira wapo. Lakini njoo mapema, wenye mabenchi yao hukaa baada ya Isha hawanyanyuki.

Ummu_Wete

Sisi wanawake Wete tunakusanyika kwa shoga yangu, ana jenereta. Umeme ukikatika, nyinyi wa Mjini mtapiga simu kuniuliza matokeo.

Muscat_Mndani

Huku ni saa 5 usiku na Alhamisi kazini. Nitaangalia kitandani sauti chini. Mkifunga goli msinitumie ujumbe wa sauti, mke wangu atanifukuza.

Mbappe_wa_Paje

Mie nakuja Mjini na jezi yangu ya bluu. Ruhusa ipo Jaws Corner?

Mzee_wa_Barza

Karibu sana. Utakaa mbele kabisa tukuone, na kahawa ya watu wote juu yako.