Ushauri: kuhamia Morogoro huku kazi ikibaki Dar, hesabu zangu ziko sawa?

MzaziWa2

Habari za jioni wakuu.

Nina mke na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo bado hajaanza shule. Tumepanga Tabata Segerea, vyumba viwili, sebule na choo cha ndani, kwa 250,000 kwa mwezi, na kodi inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba unaisha Desemba. Mwenye nyumba ameshatuambia kuanzia Januari ni 300,000, na mimi mshahara wangu haujaongezeka hata shilingi.

Ofisi yetu iko mjini kati. Jumatatu na Ijumaa naruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, ila Jumanne hadi Alhamisi lazima nionekane. Ndipo nikaanza kuiwaza Moro. Tangu treni ya SGR ianze safari zake katikati ya 2024, nauli ya daraja la kawaida ni 13,000 na haifiki saa mbili uko Kihonda. Kwa basi, foleni ya Kibaha hadi Mlandizi peke yake inaweza kukumalizia muda huo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia. Kihonda nimepata nyumba ya ukubwa uleule kwa 150,000. Hesabu yangu ya kuokoa kwa mwezi ni hii: kodi 150,000 (nikilinganisha na hiyo mpya), daladala zangu 35,000, gari la shule la mtoto 40,000 kwa sababu kule shule iko jirani, na chakula nakadiria 70,000. Jumla 295,000. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea hapahapa nyumbani, anaweza kuendelea kokote.

Waliohama au wanaoishi kule naomba mnisaidie. Kuna kitu sijakiona?

Kihonda Kwetu

Karibu Moro mkuu. Chakula hujakosea, na huenda hata umekadiria kidogo. Alfajiri akina mama wanashuka mlimani na matenga kichwani: ndizi, maharage mabichi, magimbi, karoti za Mgeta. Nyanya ambazo Dar unapangiwa nne nne kwenye fungu, huku nanunua sado nzima, nusu nasaga naweka kwenye jokofu. Mchele wa Ifakara nao haujabebeshwa nauli ndefu.

Ila usidhani kila kitu kiko chini. Sukari inatoka Kilombero na Mtibwa, mkoani humuhumu, lakini dukani sioni tofauti na Dar. Umeme bei ya uniti ni ileile nchi nzima. Nguo, vyombo na vifaa vya simu wafanyabiashara wetu wanafuata Kariakoo, kwa hiyo unalipia na safari yao.

Kuhusu maji, nakuomba usilipe kodi kabla ya kuuliza majirani wawili watatu mgao wa mtaa huo ukoje. Mimi nyumba ya kwanza niliyopanga bomba lilikuwepo uani na nikaridhika. Maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki. Niliishia kununua tenki la lita 1,000 ambalo halikuwa kwenye bajeti. Dalali hawezi kukuambia hilo, yeye anasubiri kodi yake ya mwezi mmoja.

Hesabu Kwanza

Mkuu, kwenye orodha yako nimeona unachookoa, nauli ya treni hujaitoa.

Kwenda na kurudi ni 26,000. Ukienda na kurudi kila siku kwa siku tatu ni 78,000 kwa wiki, wiki nne 312,000. Wewe unaokoa 295,000. Umeshaingia hasara ya 17,000 kabla hujapanda bajaji ya kukufikisha stesheni. Na ratiba je? Umeangalia treni ya asubuhi inakufikisha mjini saa ngapi, na bosi wako anakutaka saa ngapi?

Njia pekee ninayoiona ni uende Jumanne, ulale Dar siku mbili, urudi Alhamisi jioni. Hapo treni ni 104,000. Una pa kulala?

MzaziWa2

Asante mkuu, hapo umenifumbua macho. Pa kulala papo, mdogo wangu anakaa Buguruni na ana chumba na sebule. Nitakuwa nampa 60,000 kwa mwezi ya chakula, siwezi kumlalia bure kijana anayejitafuta.

Hesabu Kwanza

Basi 295,000 toa 104,000, toa 60,000, inabaki 131,000. Toa daladala za Buguruni na bajaji, shika 120,000. Siyo haba, lakini siyo ile 295,000 uliyokuja nayo.

Mama Nasra

Kaka yangu, nimesoma uzi wote na swali langu ni moja. Shemeji anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?

Umemuandika mstari mmoja, eti anaweza kuendelea kokote. Mimi ni msusi. Nilihama Mbagala kwenda Kibaha kumfuata mume wangu, na kodi kweli ilishuka. Wateja wangu wa Mbagala walikuwa wananijua kwa jina, wananiletea na wadogo zao. Kibaha nilikaa miezi minane nasuka vichwa viwili kwa wiki. Jirani ananiangalia tu, ana msusi wake wa siku zote. Fundi cherehani ni vilevile, watu wanamfuata mkono walioshauzoea. Tena atakuwa na watoto peke yake siku tatu kila wiki katika mji asio na mama wala dada.

Sikukatazi Moro. Nasema umuulize yeye, na mhesabu pamoja.

Kihonda Kwetu

Dada hapo umesema kweli. Mafundi huku wapo wengi na bei ya kushona iko chini kuliko Dar.

MzaziWa2

Wakuu, narudisha mrejesho.

Jana usiku watoto walipolala tulikaa na mke wangu. Alitoa daftari lake la vipimo, lile lenye jalada la bluu, na kila ukurasa una jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, na pesa iliyobaki. Tulihesabu majina 43, na 38 wako Segerea na Kinyerezi. Kwa wastani anapata 180,000 kwa mwezi, na Desemba na Januari inapanda kwa sababu ya sare za shule. Mimi nilikuwa naichukulia kama hela ya mboga. Iko juu ya ile 120,000 yote ninayoifuata Moro.

Januari hatuhami. Kesho namfuata mwenye nyumba nimuombe 270,000, nimueleze kwamba miaka minne sijamchelewesha kodi hata mara moja. Akikataa tutatafuta ndani zaidi huko Kinyerezi, ambako wateja wake wanaweza kumfikia kwa miguu.

Mama Nasra, mke wangu anakusalimia. Anauliza kama Kibaha wateja walikuja kukuzoea baadaye.

Mama Nasra

Mwambie nimepokea salamu. Walikuja, mwaka wa pili.