Naomba ushauri: Kiingereza darasa la kwanza, watoto wanaitikia tu

Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa la kwanza huku Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Kwa mtaala huu mpya Kiingereza kinaanzia darasa la kwanza, na wengi wa watoto wangu nyumbani ni Kinyakyusa tu, hata Kiswahili bado wanakipapasa. Nyimbo wanaziweza, tena kwa mbwembwe! Ila nikinyanyua ndizi nikauliza "What is this?", darasa zima linanirudishia "What is this!" Wako zaidi ya 80, vitabu vya kugombania. Fimbo sitaki. Wazoefu, mnawatoaje kwenye kukariri? Mkuu wa shule anataka waanze kuandika sentensi, mimi naona kwanza waongee. Au nakosea?