Naomba ushauri: niende Unguja ama nibaki na mzee?

Salaam jamani, mwenzenu niko Mji wa Kale hapa Mombasa, fundi wa kuchonga milango, kazi nimeifunzwa na babangu na yeye kafunzwa na babake kule Lamu. Sasa kuna fundi mmoja wa Unguja aliona picha za kazi zangu akaniambia njoo ukae kwangu miezi mitatu, utalala bure ila chakula juu yako. Mimi roho yote iko huko walahi, kwa sababu sisi hapa tumezoea maua ya Lamu, lakini wenzetu Mji Mkongwe wana ile milango ya Kihindi yenye njumu za shaba na juu imepinda, hiyo sijawahi kuishika kwa mikono yangu.

Shida ni mzee. Macho yamechoka, juzi nimemkuta akipapasa waridi la kwenye mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) kwa kidole gumba ndio ajue patasi imefika wapi, na tuna mlango wa mbambakofi wa watu, advansi tushakula (ndio, tushakula, msinianze). Yeye asema nenda, lakini akisema hivyo hanitizami.

Waliowahi kupita Lunga Lunga kwenda Tanga hadi Dar kisha boti, nauli inafika ngapi sai? Na patasi zangu kwa watu wa forodha mpakani zitaleta maneno? Na nyinyi mliowaacha wazee mkasafiri kikazi, mlipangaje? Ama nimalize mlango kwanza?