Walinzi wa kukodi vitani: wakiua raia, nani ajibu?

Kipanga: Septemba 2007, uwanja wa Nisour, Baghdad. Walinzi wa Blackwater, kampuni binafsi ya ulinzi, waliokodiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, walimiminia risasi magari barabarani. Kia nyeupe ya kijana na mama yake ilikuwa ya kwanza. Wairaki 17 wakafa. Mahakama za Iraq zilifungwa mikono na Amri Namba 17 ya utawala wa Bremer, Mmarekani aliyeitawala Iraq baada ya uvamizi; iliwakinga walinzi hao wasishtakiwe huko. Mimi nasema serikali iliyokodi ndiyo ibanwe.

Mchokonozi: Kwani askari wa jeshi ana tofauti gani? Naye anaua kwa mshahara, kaongezewa gwaride tu.

Sajini Mstaafu: Shika adabu yako. Mimi nimekula kiapo. Askari akiua raia, mahakama ya kijeshi inamngoja. Hao wa Blackwater, mkesha wa Krismasi 2006 mmoja alimuua mlinzi wa makamu wa rais wa Iraq, akapakiwa kwenye ndege chapuchapu. Hakushtakiwa mpaka leo.

Mchokonozi: Mahakama ya kijeshi si ndiyo ile mnayohukumiana wenyewe kwa wenyewe, afande?

Bi Mwanga: Jamani, na FBI, wapelelezi wa Marekani, si walisema waliokufa Nisour ni 14? Halafu walinzi wanne walitiwa hatiani 2014. Msiseme sheria ililala.

Kipanga: 14 ni wale FBI waliosema waliuawa bila sababu yoyote. Na hao wanne Trump aliwasamehe Desemba 2020, dada. Umeruka hapo makusudi?

Bi Mwanga: Sijaruka kitu, punguza jazba. Kuna Waraka wa Montreux wa 2008, wa kuziongoza serikali kuhusu kampuni za ulinzi vitani, Uswisi na Msalaba Mwekundu waliuhangaikia. Serikali inatakiwa kuichuja kampuni kabla ya kuikodi.

Kipanga: Waraka usiombana mtu kisheria. Wa kuwekea chai.

Jongoo: Marekani, Marekani! Moura, Mali, Machi 2022: Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 500 waliuawa na wanajeshi wa Mali pamoja na wageni wenye silaha. Serikali ya Mali ikadai waliouawa ni magaidi. Sasa Kipanga, serikali iliyokodi unaibanaje wakati yenyewe ilikuwa palepale inafyatua?

Sajini Mstaafu: Jongoo, unalitukana jeshi zima kwa ajili ya kijiji kimoja?

Jongoo: Kijiji "kimoja"? Afande, rudia hilo neno taratibu.

Mchokonozi: Mwacheni mzee, pensheni imechelewa.

Sajini Mstaafu: Pensheni yangu inakuhusu nini wewe?